Jibu: Je, tuamini majarida ya kupanda milima?

Mkuu, umeuliza kama uamini jarida la Marekani linalosifu mabuti fulani kwa Kilimanjaro, ilhali kampuni hiyohiyo ina tangazo la ukurasa mzima ndani yake. Lisome, ila usinunue kwa sababu yake.

Majarida mengi ya aina hii hutegemea sana pesa ya matangazo. Mhariri hahitaji kuhongwa. Anajua tu kwamba akiponda koti la mtangazaji mkubwa, mwakani ukurasa ule unaweza kukosa mlipaji. Kinachoniuma zaidi ni ile picha inayojengwa, kwamba mlima ni wa mwenye vifaa vipya. Wapagazi wetu wamebeba mizigo ya wageni wanaoupanda kwa viatu vilivyochakaa, wengine wakiumia kwa baridi. Habari hiyo haiuzi koti, kwa hiyo huisomi mara nyingi.

Tangazo lenye ukweli lipo pia. Mwaka 1972 katalogi ya Chouinard Equipment, kampuni ya Marekani ya vifaa vya kupanda milima, iliwasihi wapandaji waache kupigilia kwenye miamba vyuma vya kufungia kamba kwa kuwa vinaiharibu, na vyuma hivyo ndivyo vilikuwa biashara yake kubwa. Hapo nawavulia kofia.

Wewe uko Dar. Pita mitumba ya Karume, ujaribu mabuti jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi nene. Kidole kisiguse mbele. Yatembeze milima ya Pugu wiki kadhaa kabla ya safari. Koti zito na mfuko wa kulalia kodisha Moshi, usinunue.