Usiende Dar na mkoba wa siku tatu

Juzi nimetoka kliniki, nimepimwa, nimeambiwa hakuna dalili ya saratani kurudi. Nililia pale pale mbele ya daktari. Jioni nikakuta ujumbe wa dada mmoja wa Kasulu: mama yake ana saratani ya shingo ya kizazi, kapewa rufaa ya Dar, atapigwa mionzi pamoja na dripu za dawa. Anauliza, "Dada, mama aandae nini?"

Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, nikashindwa. Mimi mwenyewe niliugua saratani hiyohiyo, sikuandaa kitu, na nusura kutojiandaa kunigharimu uhai.

Mwaka 2024 nilikuwa nauza dagaa Kibirizi, hapa Kigoma. Damu ilikuwa ikinitoka miezi mingi, nikajipa moyo kwamba ni umri. Hospitali ya Maweni wakanikata kipande kidogo cha nyama wakapime, majibu yakatoka, nikaandikiwa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar. Nikapanda treni na mkoba mmoja: madira mawili, khanga, na dagaa kilo tano za kumpelekea mwenyeji wangu. Nilidhani mionzi ni kama picha ya eksirei, unasimama, unapigwa, unarudi nyumbani.

Kumbe ni vipindi 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano. Kila wiki mara moja unatundikiwa dripu ya sisplatini, dawa inayoifanya saratani isiweze kuhimili mionzi. Baada ya hapo inakuja mionzi ya ndani, inayopitishwa ukeni mpaka kwenye shingo ya kizazi. Yote hayo yanatakiwa yaishe ndani ya wiki nane. Mimi nilikuwa na hela ya siku kumi, na kiwango changu cha damu kilikuwa 7.8. Walitaka kipande kifike 10 kwanza, kwa sababu mionzi inahitaji hewa ya oksijeni inayobebwa na damu ndipo ifanye kazi vizuri. Nikaongezewa chupa mbili.

Wiki ya pili ya mionzi damu ikaacha kunitoka. Jamani, ile furaha! Nikaona nimepona. Usiku huohuo nikamsikia mwenyeji wangu, ndugu wa damu kabisa, akisema chumba cha pili kwamba nyumba yake inanuka kwa sababu yangu. Saratani hii inatoa uchafu wenye harufu, hilo nalijua, nilikuwa najiosha mara nne kwa siku. Sikulala. Alfajiri nikabeba mkoba wangu, sikumuaga mtu, sikuwaambia hata manesi. Nikarudi Kigoma.

Nilikosa vipindi tisa.

Nilirudi kwa sababu nesi alinipigia simu kila siku mpaka nikapokea. Na kwa sababu ya wanawake wa kikundi chetu. Ziwa Tanganyika lilikuwa limefungwa kwa uvuvi tangu Mei 15 hadi Agosti 15, hakuna mtumbwi uliokuwa unaingia majini, hakuna aliyekuwa na dagaa hata sado moja ya kuuza. Wakanichangia hivyo hivyo. Mmoja aliuza vitenge vyake vya harusi ya mwanawe. Sina la kuwalipa.

Daktari hakunifokea. Aliniambia tu kwamba mionzi ikisimama, seli zilizobaki zinaanza kuzaliana upya, kama shamba uliloacha kulipalilia katikati ya mvua. Matibabu yangu yaliisha wiki ya kumi badala ya nane. Kila nikienda kliniki, zile siku tisa ndizo ninazoziogopa.

Kwa hiyo dada, kabla ya tiketi, tafuta mahali mama atakapolala wiki nane. Mahali pa uhakika, si pa kuahidiwa kwa simu. Mimi niliporudi nilipanga chumba na mgonjwa mwenzangu kutoka Sumbawanga, tukagawana kodi na mkaa, tukaamshana asubuhi. Pale nilipata amani kuliko kwa ndugu yangu. Na hela ya nauli ya kila siku iwe pembeni, isiguswe kwa soda wala vocha.

Mengine atayazoea. Maji anywe mengi, maana sisplatini inachosha figo, na siku wakipima figo zikasoma vibaya dripu inaahirishwa. Ndiyo maana nakusihi, dawa za mizizi za kule nyumbani zibaki kule nyumbani. Najua mtaletewa chupa, mimi nililetewa tatu. Kwenye wiki ya tatu huenda akaanza kuharisha. Aache maharage, mboga za majani, maziwa, na mawese pia, japo sisi watu wa Kigoma bila mawese tunaona hatujala. Wali laini, ndizi, uji, na maji ya chumvichumvi ya pakiti. Akiharisha sana au akipata homa, asingoje kesho, aende hospitali usiku huohuo. Alama za wino watakazomchora mwilini asizisugue. Nguo zake ziwe pana.

Kichefuchefu kipo. Mimi nilikuwa natapika siku mbili baada ya kila dripu, siku ya tatu nainuka. Asione aibu kuomba dawa ya kuzuia kutapika, ipo.

Na ninyi mnaopokea wagonjwa kutoka mikoani, nawaambia bila kuficha: kama huwezi kuvumilia harufu, sema mapema mgonjwa atafute kwingine. Usimpokee leo ukamsema kesho ukuta kwa ukuta. Mgonjwa wa saratani anasikia kila neno, na neno moja linaweza kumrudisha nyumbani akafie huko. Waume pia. Wangapi wameoa mke mwingine mke akiwa bado kwenye mashine? Mungu anaona. Mkeo akimaliza mionzi anaweza kuwa na ukavu na maumivu ukeni, hedhi itakata hata kama hajafika umri. Msaidie, na muulizeni daktari, ana mafunzo ya kuwapa.

Dada wa Kasulu, niandikie siku ya safari. Mama akishuka stesheni ya Kigoma kusubiri treni, nitakuja na khanga mbili za kujifunga na namba ya mwenye kile chumba.