Maswali ya Wasomaji: Malengo yanayopimika kwa wabunifu wa mwani

Mwani umekuwa ukilimwa kibiashara Zanzibar tangu 1989. Mwaka 2006 ilianzishwa Zanzibar Seaweed Cluster Initiative ili wakulima, watafiti, wafanyabiashara na Serikali wakae pamoja na kubuni pamoja. Vikundi vingi vya pwani sasa vinajaribu kujenga mtandao wa namna hiyo vijijini mwao, na maswali ya mwezi huu yanahusu jinsi ya kupima kama mtandao unafanya kazi kweli.

Swali: Asalaam alaykum wahariri. Tuko wanachama kumi na wawili: vikundi vinne vya wakulima wa mwani, vikundi viwili vya sabuni, taasisi ya utafiti ambayo ndiyo mratibu, mnunuzi, afisa uvuvi, fundi boti, SACCOS na watu wa viwango. Mpango wetu unasema “kuimarisha mashirikiano na ubunifu”. Mfadhili ameurudisha, anataka malengo yanayopimika. Tuanzie wapi?
*Katibu wa kikundi, Jambiani*

Jibu: Waalaykum salaam, Bwana Katibu. Anzeni kwa kuhesabu kinachotoka kwa mwanachama mmoja kwenda kwa mwingine. Msihesabu vikao. Watu wanaweza kukutana kila mwezi, wakanywa chai na kuagana bila mbegu, sampuli, fedha wala jibu lolote kuhama mkono.

Chukueni karatasi kubwa, andikeni majina kumi na mawili kwa safu na tena kwa mstari, mpate jedwali. Wanachama 12 wanaweza kuungana kwa jozi 66 (12 mara 11, gawa kwa 2). Kila jozi ipeni alama. Sifuri ni kwamba hawajuani kikazi. Moja, wanapeana habari. Mbili, katika miezi mitatu iliyopita wamepeana kitu kinachoshikika, kama mbegu, sampuli, kifaa au malipo. Tatu, wamefanya jaribio pamoja na kila upande umechangia gharama. Muulizeni kila mwanachama peke yake, kisha linganisheni majibu. Kikundi kikisema mbili na mnunuzi akasema moja, andikeni moja. Mkiandika alama ya juu mtajidanganya, kwa sababu kila mtu hupenda kuonekana anashirikiana.

Tuseme mmekuta jozi 14 zenye alama mbili au zaidi, sawa na asilimia 21, na 9 kati ya hizo zinamhusu mratibu. Hapo tatizo limejitokeza lenyewe: wakulima hawazungumzi na fundi boti wala na watengeneza sabuni mpaka taasisi iwe katikati. Mradi ukiisha na mratibu akaondoka, mtabaki na jozi 5. Lengo zuri hapo ni kufika jozi 24 katika miezi kumi na miwili. Mratibu hawezi kuwa na jozi zaidi ya 11, kwa hiyo 24 hazifikiki bila jozi angalau 13 za wanachama wengine wao kwa wao. Lengo lenyewe linawasukuma mahali panapouma. Msiweke lengo la jozi zote 66. SACCOS na watu wa viwango hawana sababu ya kupelekeana chochote, na lengo kama hilo litazaa barua za kutengeneza tu.

Kipimo cha pili ni daftari la maswali. Mkulima akiuliza kwa nini mwani wake unageuka mweupe na kukatika, andikeni tarehe ya swali, tarehe ya jibu, na alichofanya mkulima baada ya kujibiwa. Wekeni lengo, kwa mfano siku 14. Msitumie wastani wa kawaida. Maswali matano yakijibiwa kwa siku 3, 4, 5, 6 na 60, wastani unakuwa zaidi ya siku 15, ilhali wanne kati ya watano wamejibiwa ndani ya wiki. Pangeni siku kuanzia ndogo hadi kubwa, mchukue namba ya katikati, yaani 5, na pembeni muandike ile ndefu kuliko zote. Swali ambalo halijajibiwa lisiachwe nje ya hesabu. Siku zake zinaendelea kuhesabiwa mpaka lijibiwe.

Vipimo viwili hivi, na kimoja cha kipato au mavuno, vinawatosha kwa mwaka wa kwanza. Mitandao yenye viashiria ishirini huishia kujaziwa fomu usiku wa kuamkia siku ya ripoti.

Swali: Sisi wakulima tunataka kotonii, aina ya mwani inayokufa maji yakipata joto, irudi, maana bei yake ni nzuri kuliko ya spinosamu, aina nyingine ya mwani. Mtafiti ameandika lengo la “majaribio matatu ya kina kirefu”. Majaribio matatu yanatusaidia nini?
*Mwenyekiti wa kikundi cha kina mama, Paje*

Jibu: Bi Mwenyekiti, una haki ya kuuliza. Jaribio ni kazi, na lengo linatakiwa liseme kazi hiyo imebadilisha nini. Pendekezeni hili kwa mtafiti: kilo ngapi za mwani mkavu uliokubaliwa na mnunuzi zinapatikana kwa kila kilo moja ya mbegu, kina kirefu kikilinganishwa na kina kifupi.

Namna ya kulifanya: wekeni kamba 10 za mita 5 kwenye vigingi mnapolima siku zote, kila kamba mbegu 25 (yaani vipande vya mwani) za gramu 100, yaani kilo 2.5. Kwenye kina kirefu wekeni nyavu 10 za mrija, yaani nyavu zilizoshonwa kama bomba na mbegu kutiwa ndani, kila moja kilo 2.5 hizohizo, mbegu ya siku moja na ya shamba moja. Vuneni zote baada ya wiki sita. Msiridhike na uzito wa mwani mbichi, kwa sababu maji yanadanganya mizani: kilo 7 hadi 10 mbichi ndizo hutoa kilo 1 kavu. Anikeni zote juu ya chanja, mbali na mchanga, mpime siku mnunuzi anapokubali.

Matokeo huharibikia hapa: kamba ikikatika au wavu ukichukuliwa na mkondo, watu huuondoa kwenye hesabu. Usiondolewe. Uandikwe sifuri, kwa sababu mkulima naye angepata sifuri. Jambo lingine ni msimu. Kotonii hufa zaidi maji yanapopata joto wakati wa kaskazi, hivyo jaribio lililofanywa wakati wa kusi peke yake litaonyesha neema ambayo haitadumu. Fanyeni angalau mzunguko mmoja katika kila msimu, na kipimajoto kishushwe kila mnapoingia shambani, saa na kina viandikwe.

Ongezeni kipimo kimoja ambacho watafiti husahau. Kina kirefu kinataka boti na kuogelea. Hesabuni wangapi kati yenu wanaweza kufika kwenye nyavu na kurudi salama, wakiwa na jaketi la kuokolea na boti ambayo kikundi kina haki ya kuitumia. Mavuno yakipanda mara mbili huku kina mama 4 tu kati ya 30 wakiweza kuyafikia, ubunifu huo umewahamisha wenye shamba, na jedwali la mavuno peke yake halitaonyesha hivyo.

Swali: Mfadhili wetu anataka “watu 200 waliofunzwa”. Tukifika 200, ripoti inapita. Kuna ubaya?
*Mratibu wa mradi, Pemba*

Jibu: Upo. Mchumi wa Uingereza Charles Goodhart alieleza mwaka 1975 kwamba kipimo kikishageuzwa kuwa chombo cha kuendeshea mambo huacha kuaminika. Kwenye mafunzo utaona majina yaleyale yakisainiwa mara tatu, posho ikilipwa, na waliokuja ni wenye nafasi, wakati waliokuwa shambani siku hiyo hawamo.

Msigombane na mfadhili. Bakisheni 200 na muiambatanishe na namba ya pili: siku 90 baada ya mafunzo, chagueni watu 20 kwa bahati nasibu kutoka orodha ya mahudhurio, muwatembelee. Msiulize “unatumia?” Ombeni kuonyeshwa chanja, mizani au daftari. Lengo linaweza kuwa 12 kati ya 20. Anayekwenda kukagua asiwe mkufunzi aliyefundisha. Asiyepatikana nyumbani arudiwe. Msichukue jirani yake badala yake.

Swali: Kikundi chetu cha sabuni ya mwani kinaombwa kutoa kanuni yake “kwa ajili ya ushirikiano”. Tukikataa tutaonekana hatushirikiani?
*Mwanakikundi, Unguja*

Jibu: Hapana. Pimeni ushirikiano kwa ubora mnaoufikia wote, na kila mmoja abaki na siri yake. Elimu ya vipimo ni ya wote: kilo 1 ya mafuta ya nazi hutaka takriban gramu 183 za kostiki (magadi makali ya kutengenezea sabuni), na wengi hupunguza asilimia 5, ikawa kama gramu 174, ili isibaki kostiki ya kuunguza ngozi. Wanaopima kwa kikombe hukosea kwa sababu kostiki ya vipande na ya punje hazijazi kikombe sawa. Basi lengo la pamoja liwe mizani ya gramu 1 kwa kila kikundi, na mipiko 9 kati ya 10 mfululizo ipite kipimo cha maabara. Kiasi cha mwani, manukato na namna ya kuchanganya vibaki vyenu. Jina la sabuni lisajilini kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar. Kumbukeni pia kwamba usajili wa alama za biashara wa BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni) ni wa Tanzania Bara na hauilindi huku.

Swali: Tupime kila baada ya muda gani?
*Karani, Bwejuu*

Jibu: Mavuno na joto fuateni bamvua, kwa sababu ndipo watu wako shambani na mizani iko karibu. Kupima wakati wa maji mafu kunamlazimu mkulima aje kwa ajili ya fomu tu. Daftari la maswali lisomwe kila mwezi. Jedwali la jozi lijazwe mara mbili kwa mwaka. Kila mara mtakapolijaza, mkulima mmoja na mnunuzi wakae na karani kuyasoma majibu, kisha namba zibandikwe ukutani pale mwani unapopimwa kabla hazijatumwa kwa mfadhili.