Maswali ya Wasomaji: Jiji janja huamuliwa na nani?

Swali. Ndugu Mhariri, mimi ni mjumbe wa shina katika mtaa ulioko bonde la Mto Msimbazi, Dar es Salaam. Katika kikao cha karibuni tulielezwa kwamba jiji letu linaelekea kuwa jiji janja, lenye kamera barabarani na vihisi vya kupima kina cha maji mtoni. Mzee mmoja aliuliza kama vihisi hivyo vitazibua mtaro uliojaa taka nyuma ya nyumba yake, lakini hakujibiwa. Naomba kufahamishwa: mambo haya huamuliwa na nani, na sisi wakazi tuna nafasi gani?

Jibu. Ndugu mjumbe, mzee huyo aliuliza swali la msingi kabisa, na ninasikitika kwamba hakujibiwa. Kihisi hupima maji na kutuma taarifa, basi. Mtaro huzibuliwa na watu wenye koleo, waliopewa wajibu huo na kutengewa fungu la fedha. Pasipo watu hao, taarifa itafika ofisini na maji yatafika sebuleni.

Kisheria, mwamuzi mkuu ni Serikali, kwa kuwa ndiyo inayosimamia ardhi, huandaa bajeti na kusaini mikataba. Makampuni huleta mtaji, mitambo na wataalamu, na ni haki yao kutafuta faida, mradi mkataba ueleze wazi faida hiyo inatoka wapi. Wakazi hawana kalamu ya kusaini wala mtaji, lakini wana ujuzi ambao hauuzwi popote: wanajua maji hupita wapi.

Gharama ya kuupuuza ujuzi huo mmeiona kwa macho yenu pale Jangwani. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia nyingi za bondeni zilihamishiwa Mabwepande kwa sababu eneo lile lilikuwa la hatari. Hata hivyo, karakana ya mabasi yaendayo haraka, mradi ulioanza kutoa huduma mwaka 2016 na ambao ndio fahari ya usafiri wa jiji, ilijengwa katika bonde hilohilo. Mvua zilipokuja, maji yaliingia karakanani zaidi ya mara moja na kuharibu mabasi, na baadaye ikabidi kuhamishwa kwa karakana kuingizwe katika mpango wa kuliendeleza bonde la Msimbazi. Mkazi yeyote wa Kigogo au Magomeni angeweza kutoa tahadhari hiyo bila malipo.

Mfano wa kutia moyo nao umetoka jijini humohumo. Katika mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka kata zinazokumbwa na mafuriko pamoja na wenyeji, wakichora nyumba, vichochoro na mitaro, na kuuliza maji ya mvua zilizopita yalifika wapi. Fedha na utaalamu vilitoka kwa wafadhili na taasisi mbalimbali, lakini aliyejua mpaka wa shina unapita kati ya nyumba ipi na ipi alikuwa mjumbe kama wewe. Ramani zilizopatikana ziliwekwa wazi ili yeyote azitumie, na kwangu hilo ndilo la thamani kuliko yote, kwani taarifa iliyotolewa na wananchi haikufungiwa katika kabati la mtu mmoja.

Suala la nani anamiliki taarifa si dogo hata kwa matajiri. Mjini Toronto, nchini Kanada, kampuni ya Sidewalk Labs, iliyokuwa ndugu na Google, ilitangazwa mwaka 2017 kujenga mtaa janja kando ya ziwa. Wakazi walihoji kwa miaka kadhaa taarifa zao zingekusanywa na nani na kwa ajili ya nini. Mei 2020 kampuni ilijiondoa, ikitaja hali ya uchumi isiyotabirika, na mtaa ule haukujengwa.

Kwenu, Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inawaruhusu kuiomba mamlaka ya umma maelezo ya mradi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu aeleze anazikusanya kwa madhumuni gani. Ulizeni kwa maandishi picha za kamera zitahifadhiwa wapi, na nani atagharamia matengenezo ya vihisi mfadhili akishaondoka. Kuhusu mtaro wa mzee, hakikisha umeandikwa katika muhtasari wa kikao, ukitajwa mahali ulipo na mara ngapi umefurika, kisha mwenyekiti wa mtaa aufikishe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla mapendekezo ya bajeti hayajapelekwa halmashauri.