Anzia vihambani, si getini: ushauri kwa anayekuja Kilimanjaro na baiskeli

Kila mtu anayenitafuta kutoka Dar au Dodoma akisema anakuja Moshi na baiskeli ya milimani huanza na swali lilelile: hifadhini naingiaje? Jibu lipo na nitalitoa hapa. Ila mimi naishi Moshi na baiskeli ndiyo mapumziko yangu, na naamini kabisa kwamba uzuri wa kuendesha katika mlima huu uko chini ya msitu, kwenye ukanda wa vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga yenye migomba na kahawa: Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi, Kirua, Kilema, Marangu, Mwika. Humo njia hazihesabiki. Zinapita katikati ya migomba na mibuni, zinavuka mito, zinatokea nyuma ya kanisa, zinapotelea kwenye uwanja wa shule. Na zote ni njia za watu kwenda shambani, sokoni na mtoni. Ukilishika hilo, mengine yote kuhusu namna ya kuziendesha yanafuata.

Kwanza uelewe mlima ulivyokaa. Mito inayoshuka kutoka juu, kama Karanga, Rau na Una, imechimba makorongo, na kati ya korongo na korongo kuna mgongo wenye watu. Barabara nyingi hupanda na mgongo wake mpaka zinakaribia msitu. Ukifuata moja utapanda tu, kisha utashuka. Raha inaanza pale unapokata kutoka mgongo mmoja kwenda mwingine: unateremka mpaka mtoni, unavuka daraja la magogo, unabeba baiskeli begani kwa sababu upande wa pili haupandiki, unafika juu, unakuta korongo jingine linakusubiri. Kwenye ramani ni kilomita chache tu na zinaweza kula asubuhi nzima. Kwa hiyo panga safari kwa saa. Wageni wengi hupanga kwa kilomita na giza huwakuta kwenye korongo la tatu.

Kama miguu haijazoea, usipande kutoka mjini siku ya kwanza. Moshi mjini iko mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari na geti la Marangu liko karibu mita 1,900, yaani zaidi ya mita elfu moja za kupanda kabla hujaonja njia hata moja. Panda kosta hadi Marangu Mtoni, baiskeli iwekwe juu. Elewana na konda bei ya mzigo kabla haijapandishwa, fungua gurudumu la mbele mwenyewe, na hakikisha diski ya breki haijalaliwa na gunia.

Sasa nije kwenye njia ninazozipenda kuliko zote, zile zinazoambatana na mifongo. Mfongo ni mfereji wa asili wa Wachaga, unaotoa maji kwenye korongo huko juu na kuyazungusha ubavuni mwa mlima hadi vihambani. Kwa kuwa maji hayapandi, mfongo unashuka kidogokidogo sana, na njia iliyo pembeni yake ndiyo karibu njia pekee ya mlimani isiyokutoa jasho. Maji yanatembea upande mmoja, migomba imekuinamia upande wa pili, na njia yenyewe ni upana wa usukani. Unaweza kwenda hivyo muda mrefu bila kusikia gari.

Hapo ndipo pa kuwa mwangalifu kupita kote. Ukingo wa mfongo mara nyingi ni udongo na majani tu. Tairi likipita juu yake ukiwa umelowa, linaubomoa, maji yanamwagika korongoni, na kuna mtu huko chini ambaye leo ni zamu yake ya kumwagilia na hatapata kitu. Ukiona ukingo umelowa, shuka usukume. Baiskeli ikijaa tope usiioshee humo, hata kama maji ni meupe na hakuna anayekuona. Subiri ufike nyumbani au kwenye sehemu za kuoshea pikipiki.

Jambo la pili ni masale. Mmea huu wenye majani marefu membamba ndio mpaka wa kihamba, na njia ikipenya kwenye mwanya wa masale, mara nyingi inaingia uani kwa mtu. Shuka, piga hodi, salimia. Kama kuna mzee amekaa kivulini mpe shikamoo ukiwa umesimama chini, si juu ya tandiko. Sijawahi kuzuiwa kupita kwa mtu nilipofanya hivyo, na mara nyingi nimeonyeshwa njia nzuri kuliko niliyokuwa naifuata. Msimu wa kahawa angalia pia mahali pa kukanyaga, maana inaanikwa uani na tairi likipita juu yake ni hasara ya jasho la mtu.

Tatu, kasi. Ng'ombe wengi huku hufugwa zizini, kwa hiyo majani hukatwa na kubebwa hadi nyumbani, na wanaobeba kwa kawaida ni kina mama. Mama mwenye mzigo wa majani kichwani haoni pembeni, hawezi kugeuza shingo, na hawezi kuruka akupishe. Kona za vihambani hazionyeshi kitu kwa sababu ya migomba. Basi weka kengele na uipige mapema kabla ya kona, na uwe na mwendo unaoweza kuusimamisha ndani ya umbali unaouona. Ukikutana naye, simama kabisa, sogea upande wa bondeni, yeye apite upande wa mlima. Vijana wanaoteremka huku wakijirekodi, mguu mmoja nje kila kona, wananiudhi sana. Ile ni njia ya bibi ya mtu kwenda kuchota maji.

Kuhusu muda wa kuja, Januari na Februari asubuhi huwa ni safi, mlima unaonekana, udongo umekauka bila kuwa vumbi tupu. Juni hadi Agosti kuna baridi na mawingu huganda huku juu, ila njia zinaendeka. Masika, Machi hadi Mei, mimi sipeleki mtu vihambani. Udongo mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni, kisha unajipakia kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Utatafuta kijiti, utachokoa, utasogea hatua chache, utachokoa tena. Wakati huohuo tairi zako zinachimba mifereji ambayo watoto wataikanyaga wakienda shule. Na wiki ya Krismasi, Wachaga wote waliopo duniani wako nyumbani. Barabara za migongoni hujaa magari ya namba za mbali na madereva waliosahau kona. Njoo ule nyama na unywe mbege na wenyeji, baiskeli ikae.

Upande wa vifaa nitasema machache. Breki ndizo za kutazamwa kuliko chochote, kwa kuwa mteremko wa huku haukupi mahali pa kupumzika. Breki za diski ni lazima, na pedi za chuma hustahimili tope kuliko zile laini. Usibane mfululizo. Bana, achia, bana, na ukisikia harufu ya kuungua simama ziachie zipoe zenyewe bila kuzimwagia maji. Tairi ziwe na upana wa inchi 2.2 au zaidi, zenye meno. Ukitumia tyubu usipunguze upepo sana, kwa maana jiwe litaibana kwenye rimu na kukutobolea matundu mawili kwa mpigo. Na kama utashuka hadi tambarare, Mabogini au kuelekea mashamba ya miwa ya TPC, huko kuna mbigili na miiba ya migunga. Beba tyubu ya akiba, viraka, solusheni na pampu. Mafundi baiskeli wapo kila senta na wengi ni hodari, ila tyubu za saizi zetu mara nyingi hawana.

Haya, hifadhi. Wapandaji wa miguu wana njia zao, Marangu, Machame, Lemosho na nyingine, na huko usifike na baiskeli. Njia ya baiskeli ni ya Kilema, ambayo pia hutumiwa na magari ya uokoaji, na inakwenda hadi kambi ya Horombo, mita 3,720. Unahitaji kibali na mwongozaji, na malipo hufanywa kwa namba ya malipo, si noti mkononi. Mtanzania abebe kitambulisho ili alipe kiwango chake. Wasiliana na ofisi za hifadhi zilizopo Marangu mapema, usiende kubahatisha asubuhi ya safari.

Njia yenyewe ni pana, ina mawe, inapita msituni kisha inafunguka kwenye vichaka vya juu, na sehemu kubwa utasukuma. Kule juu hewa ina oksijeni kama theluthi mbili tu ya ile ya Dar. Kuumwa kwa mwinuko kunaweza kuanza mita 2,500 hivi, kwa hiyo anayetoka pwani alale Marangu kwanza, apande polepole, na kichwa kikigonga pamoja na kichefuchefu ageuze siku hiyohiyo. Beba glavu nzito na jaketi la upepo kwa ajili ya kushuka. Umelowa jasho, upepo unakupiga, vidole vikifa ganzi huwezi kubana breki.

Na tahadhari moja: tangu 2005 msitu wote wa asili umo ndani ya mipaka ya hifadhi. Kwa hiyo njia ndogo inayotoka kijijini na kuzama msituni, hata isipokuwa na kibao, inakuingiza hifadhini bila kibali. Geuza hapo.

Kwa wa Arusha, barabara inayotoka Usa River kwenda Ngare Nanyuki inavutia sana kwenye picha, ila inapita Hifadhi ya Arusha ambako nyati na twiga wako pembeni kabisa. Wapandaji wa Mlima Meru, ulio ndani ya hifadhi hiyo, husindikizwa na askari mwenye silaha kwa sababu ya nyati hao. Usijipeleke peke yako na baiskeli. Barabara za vumbi za Monduli Juu zitakufaa zaidi, ukiwa na viraka vya kutosha.

Mwisho, tafuta kijana wa kijijini akuongoze vihambani, anayejua daraja gani limeondoka na mvua na mfongo gani unakarabatiwa. Mkubaliane malipo ya siku kabla ya kuondoka, umhesabie na chakula. Kama baiskeli yake ni ya gia moja na breki za fimbo za chuma, yeye ndiye atangulie kwenye miteremko na wewe ufuate mwendo wake.