Nafungua Biblia, ila sioni njia wala furaha

*Shikamoo Mama. Nimeolewa, nina watoto wawili, na nimeokoka miaka mingi. Kila Januari naanza kusoma Biblia ili niimalize kwa mwaka, na kila mwaka nakwama kwenye Mambo ya Walawi. Sasa kazini wamenipandisha cheo, lakini wanataka nihamie mji mwingine, na jibu wanalitaka ndani ya wiki tatu. Niliomba, nikafumba macho, nikafungua Biblia: Mwanzo 12, "Toka wewe katika nchi yako." Nikafurahi. Kesho yake nikafungua tena ili nihakikishe, nikakutana na Zaburi 37, "Ukae katika nchi." Nimechanganyikiwa. Tena usiku nikisoma nasinzia, nasoma kwa kujilazimisha tu. Rafiki yangu kila Jumapili anashuhudia jinsi Neno linavyompa raha. Mimi nina kasoro gani?*
*Niliyekauka*

Marahaba, mwanangu. Kasoro huna. Unachokosa ni namna ya kusoma, na hiyo hurekebishika kabla wiki zako tatu hazijaisha.

Acha kwanza huko kufungua ukiwa umefumba macho. Biblia ukiiachia ifunguke yenyewe huangukia Zaburi mara nyingi, kwa sababu Zaburi iko katikati, au huangukia pale ulipozoea kufungua, maana gundi ya mgongo imeshalegea hapo. Halafu tazama ulichookota. Mwanzo 12 aliambiwa Abramu, mzee wa miaka 75, kwa ahadi iliyokuwa yake. Zaburi 37 inaanza kwa kuwatuliza watu wanaochukia kuona waovu wakistawi: "Usikasirike kwa sababu ya watenda mabaya." Hakuna kati ya hizo inayozungumzia barua yako ya uhamisho. Mstari mmoja ulionyofolewa utakubaliana na lolote unalolitaka siku hiyo, na ndiyo maana ulifurahi siku ya kwanza.

Mpango wa mwaka nao uweke kando, bila kujilaumu. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189. Kwa siku 365 ni sura tatu na kitu kila siku. Mtoto akiugua ukaruka siku nne, unadaiwa sura 13, na hapo mtu huanza kusoma ili alipe deni. Sura saba za kwanza za Walawi ni taratibu za sadaka, moja baada ya nyingine, na msomaji mwenye deni lazima aishiwe pumzi pale. Ukirudi huko siku nyingine, anzia sura ya 19, penye amri ya kumwachia maskini na mgeni pembe za shamba.

Kwa sasa chukua kitabu kimoja kifupi: Wafilipi, barua ya mtume Paulo kwa kanisa la Filipi. Sura nne, mistari 104. Siku ya kwanza kisome chote kwa mkupuo mmoja, kwa sauti. Ni kama robo saa. Usisimame kupigia mstari chochote, sikiliza tu kama unavyosikiliza barua ya mtu mzima. Kuanzia siku ya pili soma aya moja tu, mistari minane au kumi, mara mbili. Kisha jibu kwenye daftari: nani anasema, anamwambia nani, na wakati huo kuna shida gani? Mwishoni andika sentensi moja ya sala kwa maneno yako, yenye neno lililotoka kwenye aya hiyo. Sentensi moja inatosha. Wengi huanza na kurasa tatu za daftari, na kufikia siku ya tano daftari halionekani.

Nimekuchagulia Wafilipi kwa sababu hiyo furaha unayoitafuta imejaa humo, na nataka uone imekaa mahali gani. Chukua penseli, zungushia kila "furaha" na "furahini", kisha pembeni andika kilicho jirani yake. Sura ya kwanza, mwandishi yuko kifungoni, na nje kuna wanaohubiri kwa husuda ili wamwongezee dhiki. Sura ya pili, Epafrodito, mjumbe wa kanisa hilo kwa Paulo, aliugua karibu na kufa. Sura ya nne, Euodia na Sintike, wanawake wawili wa kanisa hilo, wamekosana mpaka inabidi watajwe kwa majina, na mistari miwili tu mbele yake ndipo penye "Furahini katika Bwana sikuzote." Hata ule mstari unaobandikwa kila mahali, "Nayaweza mambo yote", usome pamoja na mstari wa 11 na wa 12: anasema amejifunza kushiba na kuona njaa. Ni maneno ya mtu aliyeridhika, na mtu anaweza kuridhika na mashavu yake yakiwa na machozi. Furaha ya rafiki yako kwenye kipaza sauti ni aina moja tu.

Siku ambayo huna hata nguvu ya kufungua Wafilipi, soma Zaburi ya 13. Ni fupi, na inaanza kwa malalamiko: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Zaburi ya 88 inamaliza gizani kabisa, bila kugeukia sifa, na bado imo ndani ya Maandiko. Kwa hiyo usijipake furaha mbele za Mungu.

Sasa uhamisho. Katika Wafilipi 1:22-24 Paulo mwenyewe amekwama kati ya mambo mawili, na anakiri, "nitakalolichagua silitambui." Hatafuti ishara. Anapima ni lipi lenye faida zaidi kwa watu anaowahudumia. Nawe fanya hivyo. Kaa na mumeo mara mbili, si mara moja, na simu ziwe chumba kingine. Karatasi moja iandike nani ataumia na nani atanufaika ukienda, nyingine ukibaki: watoto, yeye, wazee wenu, wewe. Kisha soma 2:4, "Kila mtu asiangalie mambo yake mwenyewe, bali kila mtu aangalie mambo ya wengine," na ujiulize kwa uaminifu: cheo hiki nakitaka kwa ajili ya nani? Kutaka cheo si dhambi, lakini kulijua hilo kunabadilisha mazungumzo. Baada ya hapo waendeeni watu wawili wasio na haja ya kuwapendeza, mmoja awe anaijua kazi yako. "Pasipo mashauri makusudi hubatilika," Mithali 15:22. Wakikubaliana wote, nawe bado huna amani, omba kazini siku chache zaidi. Ukishaamua, usirudi kuifungua Biblia ikuthibitishie.

Kuhusu kusinzia: hamisha usomaji kabla ya kazi au wakati wa mapumziko ya mchana, dakika 15, kwa kitabu cha karatasi. Simu itakuletea ujumbe kabla hujamaliza aya. Na kama umechoka, lala. Eliya alipokata tamaa hata akataka kufa, malaika hakumhubiria: alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena (1 Wafalme 19). Ila ukiona wiki mbili zimepita huna usingizi, huna hamu ya kula, na hata watoto hawakufurahishi, mwone daktari pamoja na mchungaji, wala usimfanye mmoja kuwa badala ya mwingine.

Huyo rafiki yako mwite mnywe chai. Usimuulize anajisikiaje akisoma. Muulize anasoma saa ngapi, anasoma kitabu gani, na siku akikuta pakavu hufanya nini.