Skana ikikataa kushika waifai, tazama saa kabla ya nenosiri

Kazi yangu ni kuhudumia skana za mkononi, zile za kusoma misimbopau ya mizigo, kwenye magodauni ya Kisumu, upande wa Barabara ya Obote. Simu nyingi hunijia asubuhi: "Fundi, mashine imekataa kushika waifai, na juzi ilikuwa sawa." Kabla sijafika, mtu ashaandika nenosiri upya, akafuta mtandao, akauongeza tena. Ushauri wangu wa kwanza ni kuliacha nenosiri na kutazama saa ya kifaa.

Nazungumzia mitandao ya kampuni inayotumia 802.1X, utaratibu ambapo kifaa hujitambulisha kwa seva ya RADIUS, yaani seva inayoamua nani aingie mtandaoni. Seva nayo hujitambulisha kwa skana kwa kuonyesha cheti cha kidijitali, kama kitambulisho, chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Skana iliyoishiwa chaji kabisa, hasa ya zamani ambayo betri yake ndogo ya ndani imechoka, huwaka ikidhani ni mwaka mwingine. Ikionyeshwa cheti, inaona tarehe yake haijafika, inakikataa. Kwenye kioo utasoma tu kwamba uthibitishaji umeshindikana, ndiyo maana kila mtu hukimbilia nenosiri.

Majira ya eneo (time zone) nayo huponza watu. Ukiweka saa nne asubuhi kwa mkono huku kifaa kingali na majira ya China, kimebaki nyuma kwa saa tano, na cheti kilichotolewa asubuhi hiyo hiyo kitaonekana hakijaanza kutumika. Chagua Nairobi kwanza, ndipo uweke saa. Usingoje mtandao uirekebishe, maana kifaa hakijaruhusiwa kuuingia.

Saa ikiwa sawa, nenda kwenye cheti cha CA, yaani cha mamlaka iliyotoa cheti cha seva. Hapa ndipo ninapobishana na mafundi wenzangu. Matoleo ya zamani ya Android yana chaguo la kutokagua cheti cha seva, na ukilichagua skana inashika papo hapo. Usilichague. Mtu anaweza kusimama nje ya geti na ruta ndogo yenye jina lile lile la mtandao wenu, na skana ikamwendea yeye. Kama mnatumia PEAP yenye MSCHAPv2, njia ya kuingia kwa jina na nenosiri, atakachonasa kinavunjika: mwaka 2012 huko Las Vegas, Moxie Marlinspike na David Hulton walionyesha kwamba ulinzi wake wote unaishia kwenye ufunguo mmoja wa DES, mbinu ya zamani ya kuficha data, unaoweza kupatikana ndani ya siku moja. Google iliondoa chaguo hilo kwenye simu zake za Pixel kwa sasisho la Android 11 la Desemba 2020. Skana ninazoletewa bado nyingi zinalo. Weka cheti cha CA, kisha andika jina la kikoa cha seva kama lilivyo kwenye cheti chake, herufi kwa herufi.

Bado inakataa? Mwombe anayesimamia seva afungue kumbukumbu zake wakati wewe unajaribu. Ombi lisipofika kabisa, shida iko kati ya skana, ruta na seva. Ikiandikwa kwamba CA haijulikani, cheti hakijawekwa au si chenyewe. Mtumiaji akikataliwa, hapo kagua akaunti.

Mwenye uwezo ahamie EAP-TLS, njia ya kuingia kwa cheti badala ya nenosiri, kila skana na cheti chake. Skana moja ikipotelea kwenye lori la Busia, unabatilisha cheti hicho kimoja na kazi inaendelea. Zote zikitumia akaunti moja, itabidi ubadilishe nenosiri ukizungukia kifaa kimoja kimoja, na vibarua wanasubiri kupakia.

Kwa skana za kampuni ya Zebra, programu ya StageNow hutengeneza msimbopau wa mipangilio ambao skana inausoma na kujipanga yenyewe. Tanguliza saa na majira, waifai ifuate. Na karatasi yenye msimbopau huo usiibandike ukutani, maana imebeba mipangilio ya kuingia mtandaoni. Ifungie kabatini kama unavyofungia funguo za godauni.