Skrini nne za tredi: hesabu matundu kwanza

SWALI: Fundi, salamu kutoka Mamboleo, Kisumu. Huu ni mwaka wangu wa pili nikifanya foreksi, yaani biashara ya sarafu za kigeni, kwa laptopu, pamoja na hisa kidogo za Soko la Nairobi. Nimechoka kufungua chati hii na kufunga ile, nataka skrini nne. Muuzaji mmoja mjini ameniambia kuwa bila mashine ya gemu yenye Core i9 na kadi kubwa ya grafiksi, jumla shilingi 280,000, chati zitakwama. Akiba yangu ni 150,000. Nisubiri?

JIBU: Usisubiri, dada yangu. Hizo 150,000 ulizo nazo zinatosha, na nitafurahi zaidi ukibakisha sehemu yake kwa ajili ya stima, maana hapa Kisumu huko ndiko nimeona watu wa tredi wakiumia.

Tuanze na hiyo kadi. Kadi ya gemu hutengenezwa ili ichore upya ulimwengu mzima, vivuli na moshi, mara 60 au zaidi kila sekunde. Chati ya mishumaa, ile ya kuonyesha mwendo wa bei, ni mistari na vijisanduku. Kadi ndogo huimudu bila hata kupata joto. Kwako wewe jambo la maana ni idadi ya matundu ya skrini, yaani pale nyaya za skrini zinapochomekwa, na kama kadi inaweza kuyaendesha yote manne kwa wakati mmoja, kila moja na picha yake. Mfano mzuri ni Nvidia Quadro P620: ina matundu manne madogo ya DisplayPort, inakula wati 40 tu, na stima yote inaipata kwenye madabodi bila waya wa ziada kutoka pawasaplai. Inaingia hata kwenye kasha jembamba la kompyuta ya ofisi, mradi uiulizie ile yenye bamba fupi. Skrini zako zikiwa za HDMI utahitaji adapta nne, kwa hiyo zitie kwenye hesabu mapema.

Jihadhari na splita ya HDMI. Watu huinunua wakidhani wamepata skrini ya pili, kumbe inarudia picha ileile kwenye skrini zote. Adapta za kuchomeka kwenye USB nazo hufanya kazi, lakini nyingi humwachia prosesa mzigo wa kuandaa picha. Moja sawa, tatu sikushauri.

Mashine yenyewe iwe ya ofisi, hata kama ni ex-UK, yaani mtumba wa Uingereza. Core i5 ya kizazi cha 8 au zaidi. Sishuki chini ya hapo kwa sababu Windows 11 haizikubali rasmi karibu prosesa zote za Intel za nyuma ya kizazi hicho, na Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta inayoshika pesa zako isikose marekebisho ya usalama. RAM GB 16, katika vipande viwili vya 8, na SSD. MetaTrader 4, ambayo wengi hutumia kwa foreksi, ni programu ya biti 32, haiwezi kutumia zaidi ya GB 4 hata ukiijazia mashine RAM. Kinachokula RAM ni vichupo (tabs) vya brauza: chati za mtandaoni, habari, WhatsApp. Ukifungua vichupo thelathini kwa siku, basi nenda GB 32.

Kuna njia nyingine ambayo naipenda kwa mtu mwenye meza ndogo. Skrini moja ya 4K ya inchi 43 ina nukta 3840 kwa 2160, yaani sawasawa na skrini nne za 1920 kwa 1080 zilizounganishwa bila fremu katikati. Tundu moja, waya mmoja. Lakini hakikisha ni HDMI 2.0 kwenda juu pande zote mbili. Kwa HDMI 1.4 utapata picha 30 kwa sekunde, na mshale wa mausi utakuwa ukiburuta.

Sasa stima. Soko la hisa la New York hufunguka saa kumi na nusu jioni kwa saa zetu, au saa kumi na moja na nusu Marekani wanaporudisha saa nyuma. Wewe wa Mamboleo unajua mbingu ya Kisumu inafanya nini saa hizo msimu wa mvua. Yaani saa yako ya kazi na saa ya radi ni moja. Nimefungua router zilizoungua za mteja ambaye intaneti yake iliingia kwa antena ya juu ya paa. Umeme wa radi ulipita kwenye waya wa mtandao ukafika mpaka madabodi, na soketi ya ukutani alikuwa ameizima. Ukiwa na antena, chomoa na waya huo. Faiba yenyewe ni kioo, haipitishi umeme.

Nunua UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta stima ikikatika, yenye kidhibiti volteji. Usidanganywe na namba ya VA: ya 650VA hubeba takriban nusu yake kwa wati, au zaidi kidogo. Skrini nne za inchi 24 ni kama wati 100, kompyuta karibu kiasi hicho. Kwa hiyo kwenye UPS chomeka kompyuta, skrini moja, router na kile kisanduku cha faiba. Hicho kisanduku husahaulika, halafu mtu anashangaa kompyuta inawaka na intaneti hakuna. Skrini tatu zingine zizimike tu. Dakika utakazobaki nazo zinatosha kufunga oda, na simu yenye bando iwe tayari kutoa hotspot.

Na hili ulishike kabisa: stop loss ya kawaida kwenye MetaTrader, yaani oda ya kukata hasara, hukaa kwenye seva ya broka, kwa hiyo itafanya kazi hata nyumba ikiwa giza. Lakini ile inayoifuata bei, trailing stop, huendeshwa na kompyuta yako mwenyewe. Ikizimika, inasimama pale ilipofikia. Roboti, yaani programu za kutredi zenyewe, ni hivyohivyo. Ukizitegemea, kodisha VPS, kompyuta ya mtandaoni inayowaka muda wote, karibu na seva za broka.

Siku ya kununua, omba skrini zote nne ziunganishwe palepale dukani, ziwake pamoja, uburute dirisha moja kutoka ya kwanza hadi ya nne. Likifika, lipa.